Divai ya Zabibu Niliyoigusa

Barani, Malindi, 1986

Mzee wangu,

Shikamoo, hata huko uliko. Ni mimi Kahindi, mpishi wako. Tangu tukuzike, nyumba imepangishwa wengine, na viti vyako wamevitoa nje vinanyeshewa. Nimeumia kuviona.

Nina jambo la kukuungamia.

Unakumbuka uliponifundisha sheria ya divai yenu? Uliloweka zabibu kavu mtungini, ukazikamua mwenyewe, kwani ni Myahudi anayeshika Sabato pekee aliyeruhusiwa kuigusa mpaka ifungwe. Chupa iliyozibwa kwa nta niliweza kuibeba. Iliyo wazi, nikiigusa mimi tu, imeharamika. Nikakuuliza kama hakuna njia. Ukasema ipo, ikichemshwa kwanza yeyote aweza kuimimina, ila wewe hutaki kunywa mchuzi. Ulikuwa mkaidi, Mzee.

Niliona uchungu, sikukwambia. Kwetu Wagiriama mkubwa hajimiminii mnazi. Mdogo ndiye humimina, na hiyo ndiyo heshima. Mikono hii ilikuogesha mguu wako ulipopooza, ikakulisha uji, lakini haikufaa kumimina bilauri yako ya Ijumaa jioni, Sabato yenu inapoingia.

Basi ulipolazwa hospitali, divai uliyoiloweka mara ya mwisho ilikuwa mtungini bado. Nikaona itageuka siki, nawe huna tena nguvu za kutengeneza nyingine. Nikaichuja kwa kitambaa, nikakamua makapi kwa mikono, nikatia kwenye chupa mbili na kuziziba kwa nta yako.

Uliporudi ulizitazama, ukaniuliza, "Kahindi, umeigusa?"

Nikasema, "La, Mzee. Alikuja yule Myahudi mwenzako wa Mombasa."

Ijumaa ile uliisomea dua, ukanywa, ukanishukuru. Jumapili ukafa. Uliniamini, nami nikakunywesha haramu katika Sabato yako ya mwisho. Baadaye ndipo niliposikia kwamba asiye na divai aweza kuisoma dua ile juu ya mkate. Mkate ulikuwapo mezani, Mzee. Niliuoka mwenyewe.

Mpwa wako anakuja mwezi ujao kusimamisha jiwe kaburini. Ameandika nimwekee chupa iliyobaki, ainywe kwa kukukumbuka. Nilifikiri kuivunja nimsingizie paka. Nimechoka kudanganya.

Kwaheri, Mzee wangu. Nakuahidi nitamwambia kabla hajaibandua nta, hata akinifukuza kaburini pako.

Kahindi