Maji ya Kuloweka Kunde

Jumanne, 5 Oktoba

Kliniki tena. Wajawazito kumi na mmoja. Nimefunua kope kutafuta wekundu wa damu mpaka macho yangu mwenyewe yanauma. Wanne ni weupe kabisa, hawana damu. Vidonge vya damu viliisha katikati ya Septemba. Sanduku la dawa la mwezi huu limekuja na aspirini, klorokwini na pamba. Mganga wetu wa zahanati kasema niwape ushauri, maana ushauri hauishi stoo. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mweupe kuliko wote ni Somoe, Mama Hamisi, jirani yangu. Mimba ya tano, miezi sita. Kapanda ngazi mbili za zahanati, kakaa chini kutafuta pumzi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimesoma upya daftari la semina ya Masasi. Bibi lishe aliyetufundisha alitueleza vizuri. Kunde na maharage yana madini ya chuma, ila tumbo huchukua kidogo tu. Ukitaka lichukue zaidi: loweka tangu jioni, mwaga yale maji, maana yanatoka na kile kinachozuia chuma, pika kwa maji mengine. Kamulia ndimu, au kula na tunda chachu. Chai isubiri saa nzima au zaidi, kwa sababu huzuia kile chuma kuingia kwenye damu. Nyama na samaki husaidia pia. Nyama nani anayo.

Pale semina asubuhi tulipewa chai na maharage. Tulikula wote. Hakuna aliyesema kitu.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimefundisha. Wamesikiliza kwa adabu tu. Habari ya chai waliipokea kama nimewatukana. Nawaelewa. Miaka ile ya foleni za maduka majani ya chai yalikuwa bahati. Sasa biashara ni ruksa, kila duka lina majani na sukari, na mwanamke akitoka shamba hicho ndicho kinachomsimamisha.

Mmoja kauliza maji ya kumwaga yatatoka wapi. Wengine wakatazama sakafu. Mashine ya maji haina dizeli tangu Agosti. Wanateremka bondeni baada ya sala ya alfajiri, wanarudi jua limeshachomoza. Nikajibu kwamba yanatosha maji kidogo. Niliona aibu. Nyumba ya nesi ina tangi la bati, bado lina maji ya mvua ya masika. Wote wanajua.

Somoe peke yake alibaki kuuliza. Aloweke saa ngapi. Ndimu ngapi. Mabibo je, yanafaa badala ya ndimu? Nikasema yanafaa sana. Mabibo yamejaa chini ya mikorosho, watu wanaokota korosho na kuyaacha yaoze, au wanapikia pombe. Akafurahi. Kitu cha bure.

Jumapili, 24 Oktoba

Nimepita kwa Somoe. Kanionyesha sufuria ya kunde zimevimba vizuri. Sahani ya mabibo pembeni, kayakata vipande, kanyunyizia chumvi. Chai kaacha. Kichwa kinamgonga bila chai, lakini kaacha.

Mama mkwe wake, Bi Fatu, alikuwa anapepeta mtama. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Hapendi mambo yangu. Anasema vitu vichachu vinachokoza mimba. Somoe anamjibu polepole, kwa heshima, halafu anakula.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Sijawahi kuona mtu akishika maneno yangu namna hii.

Jumanne, 2 Novemba

Kope za Somoe. Nimeona wekundu kidogo. Au najidanganya. Vidonge bado. Niliandika barua wilayani, jibu ni kwamba tusubiri.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimekutana na Somoe njia ya bondeni, saa sita, ndoo kichwani, jasho limelowanisha khanga yote. Asubuhi nilikuwa nimemwona akirudi na ndoo nyingine. Nikamuuliza kwa nini anateremka mara mbili na hali ile.

"Hii ya pili ni ya kunde zako, dada nesi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeonyesha kazi aliyotumwa.

Nilimwambia apumzike njiani. Nilimpa ndoo moja kutoka tangi langu, moja tu, kwa kuwa mvua bado na nina watoto. Nilipaswa kumwambia aache kuloweka. Sikusema. Nilitaka kope zile ziwe nyekundu. Nilitaka niandike kwenye ripoti kwamba mama mmoja amepona kwa chakula.

Jumanne, 16 Novemba

Wajawazito tisa tu. Wanunuzi wa korosho wamefika na malori yao, watu wako mikoroshoni. Somoe alikuja. Miguu imevimba. Kope ni nyeupe kama mwanzo. Nimemwambia akajifungulie hospitali. Akasema atamweleza Baba Hamisi.

Kuhusu ndoo ya pili sikuuliza.

Jumatano, 24 Novemba

Somoe amekufa.

Jana hakuja kliniki. Saa nne asubuhi wanawake walimleta kwa machela ya miti na khanga. Aliteleza kwenye mteremko, ndoo ikamwangukia. Damu ilikuwa inatoka. Ilikuwa safari ya pili.

Gari la wagonjwa halipo. Nilisimama barabarani nikasimamisha lori la korosho. Dereva alitaka kukataa, akamwona, akafungua nyuma. Tulimlaza juu ya magunia. Nilimshika mkono mpaka hospitali ya Newala. Mkono baridi, jua lile kali.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Msichana, mdogo sana, lakini alilia. Somoe alihitaji damu. Baba Hamisi alitoa chupa moja. Yangu haikulingana na ya Somoe. Ndugu wengine walikuwa njiani kwa miguu. Daktari alisema mwenye damu ya kutosha angestahimili kupoteza kiasi kile. Hakusema kwa kunilaumu. Hajui.

Amefariki leo saa tisa alasiri. Alikuwa anaangalia dirisha.

Ijumaa, 26 Novemba

Tumemzika jana. Mimi ni Mkristo, nilikaa na wanawake uani. Nilimenya mihogo. Mama mmoja alisema nesi alijitahidi mpaka kwenye lori. Wakaitikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba Hamisi alinishukuru. Mbele ya watu.

Jumatatu, 29 Novemba

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa.

Jumanne, 7 Desemba

Bi Fatu alikuja kliniki na mjukuu wake mgongoni. Nilisubiri wengine waondoke. Nikamwambia yote. Kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Somoe kuloweka kunde na kumwaga maji. Kwamba ndoo ya pili ilikuwa yangu. Kwamba nilimwona njiani na sikumkataza. Nilitaka anitukane.

Alimweka mtoto vizuri mgongoni.

"Maji yale hatukuyamwaga hata siku moja. Nilisongea ugali. Nani anamwaga maji hapa?"

Akanieleza. Somoe alikuwa anayatenga kwenye bakuli, anakwenda kuyamwaga, na yeye Bi Fatu anamnyang'anya. Waligombana siku ya kwanza tu. Baada ya hapo Somoe alikuwa anamwachia bakuli kimya, halafu anateremka bondeni kuchota mengine ya kupikia. Alitaka kunde zake zipikwe kwa maji mapya, kama nilivyosema. Na ule ugali walikula wote, yeye pia.

Kwa hiyo kile kizuizi tulichokitoa kwenye kunde kilimrudia kwenye ugali. Hata ile faida ndogo labda hakuipata.

Bi Fatu hakulia. Alisema, "Wewe kwenu Chiwata kwenye maji, huku hujapajua." Kisha akamfungua mtoto, akanipa nimpime. Kilo mbili kasoro kidogo.

Jumamosi, 11 Desemba

Nimefungua daftari la semina. Kila neno ni sahihi. Nimelisoma mara tatu nikitafuta kosa la yule bibi lishe. Hana kosa.

Jumanne, 14 Desemba

Vidonge havijaja. Wajawazito kumi na wanne. Nilifundisha habari ya ndimu na chai. Ya kuloweka niliruka. Hakuna aliyeuliza. Sidhani kama yupo aliyekuwa anaikumbuka.

Jumapili, 19 Desemba

Mvua imenyesha siku mbili. Watu wanapanda mahindi. Baada ya kanisa nilikwenda kumwona mtoto wa Somoe. Wamempa jina la Zainabu. Anayemnyonyesha ni Mwajuma, mke wa kaka yake Baba Hamisi, ana wake wa miezi minne. Nilimkuta barazani, mmoja kwa kila ziwa, kaegemea ukuta, kafumba macho.

Niliomba kumtazama kope, yeye Mwajuma. Akaniachia bila kuuliza. Nyeupe.

Akataka kujua mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anaongezeka. Ni kweli, anaongezeka. Akasema alhamdulillah, akafumba macho tena. Nikakaa naye kidogo, kisha nikaaga.