Kitabu Kilichomzika Babu Yako Akiwa Hai

Kijiji cha Ak-Tash,
Bonde la Naryn.
9 Novemba

Mpendwa mjukuu wangu Meerim,

Kifua chako kinaendeleaje? Huko mjini unakula nyama, au bado unashindia chai na biskuti kama mgonjwa? Mimi mzima. Magoti yananiuma baridi ikishuka, lakini mdomo hauumi, utajionea mwenyewe. Ng'ombe wameteremka kutoka malishoni salama. Anayeniandikia ni Nazgul wa jirani. Nimemwonya asinipunguzie neno hata likiwa chungu.

Kitabu cha mgeni wako, yule uliyetuletea atupige picha na kuandika habari zetu, kimefika. Mwalimu alikuja nacho dukani akatusomea, watu wamejaa mpaka mlangoni. Meerim, nimechefuka.

Mwanzoni nilivumilia. Kasema maziwa yetu ya farasi yananuka ngozi iliyooza. Huyo huyo aliyeyanywa kwangu mpaka akalala chali, na alipoamka akaomba mengine! Kaweka picha ya nyayo zangu zilizopasuka. Uso wangu hakuutaka. Habari za tai wetu wa kuwindia kaziandika vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini tai hakuombwa ajifanye amefiwa.

Maana kisha mwalimu akafunua ukurasa wa vilio vya msiba. Hapo tukamwona pichani wifi yangu Kalima, nywele kazimwaga, kauelekea ukuta, na chini imeandikwa: mjane akimlilia mumewe Sydyk. Na ndugu yangu Sydyk amesimama pale pale dukani, mfuko wa chumvi mkononi!

Nilimkamata Kalima siku ile ile. Akasema, "Mgeni alinibembeleza nilie, wifi. Kila siku, kidogo tu mama, kidogo tu. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema ndiyo vizuri, hutaumia."

"Na Sydyk ulimtajia nini?"

"Sasa ningemlilia nani? Mume wa jirani?"

Nawe ulikuwepo, Meerim, unamtafsiria, mimi niko malishoni nakamua farasi. Mtoto niliyemlea kwa mikono hii! Hukujua kwamba mjane hamwombolezi mtu aliye hai? Kilio kile kinamtaja kwa jina, kinamsifia farasi wake, mabega yake, ukarimu wake, kisha kinamkabidhi kwa wafu. Mgeni hajui. Wewe je? Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko kitabu chenyewe.

Vijana wakapata mchezo. "Marehemu, chumvi ya nini tena?" "Mpisheni marehemu, anawahi kurudi kaburini!" Siku ya kwanza Sydyk alicheka nao. Lakini habari ikavuka mlima, na wanaume wa bonde la pili wakaja kuhani, wako juu ya farasi, wanalia tangu mbali kama inavyopasa. Aliyetoka kuwapokea hatamu ni yeye mwenyewe. Mmoja wao alimtazama, akateleza kwenye tandiko kama gunia.

Jioni ile Sydyk alilala akaelekea ukutani. Hakula. "Nimeshaliliwa, dada," akaniambia. "Nangoja nini?" Siku zikapita, mashavu yakazama. Kalima naye akawa analia zizini, kilio cha kweli sasa, kashika shingo ya ng'ombe asisikike. Nilidhani tunamzika kabla theluji haijaziba njia.

Usiniambie mgeni wako atafuta ukurasa. Kwani waliokwisha kuusoma atawafuta?

Jana nikachoka. Niliingia nikamfunua blanketi. "Sydyk! Umeliliwa, lakini watu hawajala karamu yako ya matanga. Maiti gani bahili hivi? Tutachinja, na kichwa cha kondoo utakikata na kuwagawia watu wewe, mbele ya wote waliokulilia."

Akajivutia blanketi tena.

"Tunamchinja yule mweusi, mkondefu."

Akageuka. "Mkondefu! Mnataka kuniaibisha? Chinjeni mwenye mkia mnene."

Nikamletea mchuzi, akanywa. Kidogo, ila alikunywa. Lakini amekaza kamba: hainuki kwenda kwenye karamu mpaka ufike wewe na mgeni wako. Basi njooni, haraka. Akisema ana kazi, mwambie marehemu anamwita. Aketi karibu na mlango, wanapoketi watoto, aandike kwamba marehemu alimkatia nyama kwa mkono wake.

Nisalimie mumeo Bakyt, na shangazi yako Jypar, mwambie sufu yake iko tayari. Wabusu watoto. Mungu akulinde njiani, akuepushe na barafu na madereva walevi.

Nilikuwa nimemaliza, Sydyk ananiita kutoka kitandani. Anasema kipande cha mgeni wako ameshakichagua: sikio. Kile tunachowapa watoto, wajifunze kusikia. La pili ni lako.

Nakupenda, na hasira bado ninayo,
Bibi yako Burul