Walinzi Waliopeana Mgongo

Gengzhuang, siku ya sita ya mwezi wa kwanza

Mama yangu mpenzi,

Salamu hizi za mwaka mpya zilipaswa kutoka kinywani mwangu nikiwa nimekupigia magoti, lakini zinakuja kwa karatasi, uniwie radhi. Kifua kinaendeleaje? Nasikia kikohozi kimepungua ila asubuhi bado kinakusumbua. Kunywa ile tangawizi na sukari, na usiigawe kwa kila jirani anayepiga chafya. Baba je, goti lake? Sisi huku hatujambo. Mama mkwe anakusalimu sana. Tumbo langu limekuwa kubwa hata sioni nyayo zangu, na aliyemo ndani hana adabu, anaanza mateke alfajiri. Nawe Yunzhi, mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma polepole, usiruke neno, na ukifika penye kutisha usisingizie umepaliwa.

Najua siku ya pili, siku ya kila binti kurudi kwao, ulinisubiri. Yongtai kaniambia alikukuta umesimama njia panda na shali kichwani, na ulipoona yuko peke yake na kapu la mikate ukamuuliza mwanao amemwacha wapi. Akakwambia mgongo unaniuma. Usimlaumu mume wangu, alisema nilichomwambia mimi. Mgongo haukuwa unauma, Mama. Ulimtuma pia aniulize kipimo cha viatu vya sura ya chui milia unavyotaka kumshonea mjukuu anayekuja. Jibu nitalitoa mwishoni, maana haliwezi kutangulia habari yenyewe.

Unamjua mama mkwe wangu mwaka unapokwisha. Ikifika siku ya kufagia masizi hakuna wa kukaa. Yongtai alifungwa taulo kichwani, akapewa ufagio wenye mti mrefu, akateremsha masizi ya mwaka mzima hadi tukabaki kutambuana kwa sauti. Karatasi za madirisha zilibanduliwa zote, zikabandikwa mpya, na nyumba ikawa nyeupe ndani. Mimi nilikatazwa hata kushika ndoo. Nilikaa juu ya kitanda cha udongo, moto ukinipasha kwa chini, nikikata maua ya karatasi nyekundu ya kubandika madirishani. Nikajikuta naimba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, tangu homa ilipomchukua Douzi wangu akiwa na miaka mitatu.

Kisha nikainua macho, nikaona ile picha ya mwaka jana ukutani, ya mtoto mnene aliyekumbatia samaki. Samaki alikuwa amepauka ubavuni. Douzi alikuwa akimpapasa kila jioni mpaka usingizi umchukue, na vidole vyake vilikuwa vyekundu daima. Niliacha kuimba. Yongtai aliibandua.

Siku iliyofuata tulikwenda gulioni kununua picha. Lo, Mama, mwaka huu wachapaji walijitahidi! Ukuta mzima ulikuwa wa picha: harusi ya panya na matarumbeta yao, mabibi wa misimu minne, tausi. Rangi zilikuwa mbichi, ukigusa tu kidole kinabadilika. Mama mkwe hunusa kila picha kabla ya kuitolea fedha, anasema isiyonuka ubao wa kuchapia ni ya mashine, haina roho. Alichagua mtoto na samaki yuleyule. Nikamuuliza kwa nini anitie chumvi kidondani. Akasema ukuta haufai kukaa mtupu, basi.

Alipofika kwenye walinzi wa mlango, wale majemadari wawili wenye ndevu na marungu, mke wa Luo jirani yetu akapaza sauti watu wote wasikie: "Mama Geng, mwaka huu wapatanishe hao! Kila mwaka mlangoni kwako wanapeana mgongo kama mtu na mkewe walionuniana!" Gulio zima likacheka. Mama mkwe naye akacheka, akasema macho yake yamezeeka, kushoto na kulia kwake ni mamoja. Nilicheka na wenzangu. Lakini njiani nikakumbuka kwamba mwanamke huyuhuyu hutia uzi kwenye sindano magharibi bila taa.

Mama, hapo ndipo hasira iliponipanda. Nani asiyejua kwamba walinzi hubandikwa wakitazamana, ili asipite kati yao yeyote asiyeitwa kwa jina? Mwaka jana aliwabandika wamegeukia pembeni, na mwezi wa tatu homa ikaingia ikambeba mwanangu. Nikajiambia mara hii sikubali. Alipomaliza kuwabandika, wamepeana mgongo vilevile, akaenda kumlisha nguruwe. Gundi ya unga ilikuwa bado mbichi. Nikawabandua, nikawabadilishia mbao za mlango, nikawapangusa kwa kiganja wakae sawasawa, wanatazamana kama inavyotakiwa. Yongtai aliniona, akaitikia kwa kichwa.

Jioni ya mwisho wa mwaka theluji ilianguka. Yongtai alitoka na ubani hadi njia panda kuwaita wazee wa ukoo, akarudi nao, akalaza fimbo kizingitini wasitoke kabla ya kuagwa, nasi tukakunjua ile picha kubwa ya ukoo yenye jumba na majina. Nililitafuta jina la Douzi ingawa nilijua halimo. Mtoto mdogo akifa haandikwi, haitwi, wala wazazi hawafuati maziko. Baba zake wadogo walimbeba hadi pembezoni mwa shamba, na hata viatu hakuwa navyo, maana vile ulivyomshonea nilivikumbatia na hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Tulikuwa tukifunga kabichi na nyama ndani ya unga wa jiaozi mlango ulipobishwa. Si pale wanapobisha watu. Chini kabisa, karibu na kizingiti, na si kwa ngumi bali kwa kiganja. Yongtai akasema ni mbwa. Mbwa alikuwa chini ya meza, manyoya yamemsimama, habweki. Kiganja kikapiga tena. Mama mkwe akaenda akafungua. Nje hapakuwa na mtu, theluji tu. Akafunga. Kikapiga tena.

Akanigeukia akauliza kwa upole nani amewagusa walinzi. Nikajibu kwa kiburi, Mama, nisikufiche. Nilimwambia, "Ni mimi. Nani mwingine? Humu mna mjukuu wa kulindwa." Nilidhani atafoka. Badala yake aliketi chini nyuma ya mlango, mtu mzima yule na nguo zake mpya, akaweka kiganja chake kwenye ubao, chini pale, akakaa hivyo mpaka kubisha kukakoma. Nami moyoni nikawashukuru walinzi wangu.

Asubuhi theluji ilikuwa imekoma. Nilitoka wa kwanza. Mbele ya mlango palikuwa na nyayo za watu wawili, wamesimama mpaka theluji imekuwa barafu chini yao. Mmoja ni mwanamke mzima mwenye viatu vya kitambaa. Wa pili mtoto, miguu mitupu. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake. Kama chako, Mama. Kile tulichokuwa tukikutania, na Douzi akazaliwa nacho, ukasema sasa umepata wa kukurithi. Nikazifuata nyayo. Zilizunguka nyumba, zikasimama chini ya kila dirisha, na kila karatasi mpya ilikuwa na alama ya unyevu kama pua iliyobanwa pale. Haikutobolewa hata moja. Wewe unamkumbuka Douzi, ukimwambia usitoboe hatoboi. Zilikwenda hadi ukuta wa banda la nguruwe, zikaishia hapo, hazikurudi wala hazikuendelea.

Yongtai alizifagia kabla wageni wa salamu hawajafika, akanikataza kutaja mkosi siku ya kwanza ya mwaka. Mimi nilikwenda kwa mama mkwe nikaanguka miguuni pake. Akaniinua, akafungua kasha lake. Ndani mlikuwa na viatu vya kitambaa, jozi kwa jozi, kutoka vya mtoto wa miaka sita hadi vya mwanamke mzima, na vyote soli zimelika. Ni vya Xing'e, dada yake Yongtai, aliyezama kwenye kisima akiwa na miaka sita kabla Yongtai hajazaliwa. Kila mwaka mama yake humwekea jozi mpya nyuma ya mlango, na asubuhi hukuta jozi kuukuu mahali pake. Nilimuuliza vipi viatu vinakua. Akanishangaa. Akasema, "Mwanangu, mwaka mpya ukiingia kila mtu anaongeza mwaka mmoja. Nani aliyewaambia wao waache?"

Wazee wana jina la kuitwa nalo, akasema, watoto hawana. Kwa hiyo yeye huwageuza walinzi nyuso, ili wasione. Na Douzi alipotuacha, alikwenda kisimani akamwomba Xing'e: mshike mwana wa mdogo wako mkono, umlete mwisho wa mwaka. Picha ya samaki aliinunua kwa ajili yake, si kunitonesha mimi. Mama, mtoto wangu alikuja kwao kwa miguu mitupu juu ya theluji, nami ndiye niliyemfungia.

Nilitaka kuwageuza walinzi papo hapo. Yongtai akasimama mlangoni. Akasema, "Ukimwingiza na tumbo hilo, atataka mwenzake wa kucheza. Mtoto hajui kuachia anachokipenda." Nikamwambia mama mkwe amjibu. Alisema hawezi kuniahidi kitu. Yeye mwenyewe aliogopa alipokuwa na mimba ya Yongtai, na aliwageuza huku akilia. Wazee wa ukoo huagwa alfajiri ya siku ya tatu, na wadogo hufuata nyuma. Baada ya hapo ni mpaka mwakani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ya pili nikasema mgongo unaniuma, Yongtai akaondoka na kapu kuja kwenu. Birika lilipochemka nililipeleka mlangoni, mvuke ukalegeza gundi, nikawabandua. Mmoja alichanika mkono wa joho. Kubandua walinzi kabla ya siku ya tano ni balaa, najua, Baba akisikia atanilaani. Niliwabandika wamepeana mgongo, kwa mikono yangu. Kisha nikatoa vile viatu vya chui milia, nikaviweka karibu na jiko.

Jua lilipozama, Yongtai hajarudi bado, mlango haukufunguka, lakini baridi iliingia, ikaja kwa urefu wa magoti. Mbwa akatikisa mkia, akasogea kupisha. Mama mkwe aliinamisha kichwa kama mtu anayesukwa nywele, na tabasamu ambalo sijawahi kumwona nalo. Mimi nilikaa kitandani. Kitu kikaegemea goti langu, chepesi, kama alivyokuwa akiegemea akichoka. Halafu kiganja cha baridi kikalala tumboni mwangu.

Aliyemo ndani, ambaye hatulii, akatulia. Akatulia sana, Mama. Nilihesabu pumzi zangu, sikusikia hata mtikisiko, nikaona Yongtai alisema kweli na nimewaua wawili. Nikanong'ona, "Douzi, huyo ni mdogo wako. Bado hajafika. Mwache aje kwanza." Kiganja kikaondoka. Kisha ndani likapigwa teke moja, kiganja kikarudi palepale, teke jingine, kiganja kikahama, teke likakifuata. Walicheza hivyo mpaka maji ya jiaozi yakakauka jikoni. Nililia na kucheka, sijui kipi kilikuwa kipi.

Asubuhi viatu vya Xing'e vilikuwa vimebadilishwa. Vya Douzi vilikuwa pale pale, visigino vimekanyagwa, mshono wa mbele umefumuka. Alijaribu, havikumwenea. Samaki mpya ukutani amepauka ubavuni, na juu ya koti langu, tumboni, pana alama ya mkono mwekundu. Ni mkubwa kuliko ninavyoukumbuka.

Basi Mama, ndiyo habari. Yongtai hajui, anadhani mama yake ndiye aliyewageuza, na mama yake amekubali lawama. Koti nimelificha. Mtoto anapiga mateke kama kawaida, ila kila jua linapozama hunyamaza kidogo, kama anayemsikiliza mtu. Naogopa, Mama. Sijutii, lakini naogopa.

Sasa viatu. Naomba ushone jozi mbili. Ya kwanza kipimo cha mtoto mchanga, unakijua mwenyewe. Ya pili iwe ya miaka minne, si mitatu, na upande wa kushoto uache nafasi ya kile kidole. Soli ziwe nene, Mama. Anatoka mbali kwa miguu.

Msalimie Baba, umwambie goti alifunge kwa joto. Wasalimie wadogo zangu wote, na Yunzhi asante kwa kusoma. Mungu wa jiko awape shibe mwaka mzima.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Cuilian