Kikao cha Dharura Kuhusu Mgeni Aliyeuliza Mguu wa Kapasita

Kundi la Mtandaoni la Mafundi Redio na Runinga
Tarehe: Jumamosi, 14 Machi
Mahali: Chumba cha nyuma cha karakana ya Mwenyekiti, katikati ya runinga zilizosahauliwa na wenyewe

Waliohudhuria: Mwenyekiti (tunamwita Mwalimu, maana ndiye aliyetufundisha kazi sote), Fundi Spika, Mama Waya na Katibu.
Asiyehudhuria: Mweka Hazina. Alisema anaumwa jino. Kikao kilichopita pia lilikuwa jino.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri. Aliwashukuru wajumbe kwa kumwombea alipolazwa kwa kiharusi, akasema sasa amepona kabisa. Aliagiza kila litakalosemwa liandikwe, bila kumficha mtu.

KUMB. NA. 2/4: MGENI
Katibu alisoma swali lililotumwa kundini Jumanne na namba isiyojulikana: "Samahani wakubwa, mguu upi wa kapasita ni chanya?" Liliambatana na picha ya ubao wa redio na kapasita, kile kidude cha kutunza umeme chenye miguu miwili. Mama Waya alikuwa amejibu, "Hili ni kundi la mafundi, si chekechea." Fundi Spika: "Kauze nyanya." Katibu aliweka kikatuni cha kucheka, kimoja tu. Mgeni aliandika "Asanteni", na hajaandika tena.

Fundi Spika alisema haombi radhi ng'o. Alidai mgeni ni mpelelezi wa karakana ya ng'ambo ya barabara, anayejifanya hamnazo ili achote ujuzi wetu, na akataka aondolewe leo hii. Mama Waya aliuliza ni mpelelezi gani anayekuja kuiba somo la siku ya kwanza. Fundi Spika alimwambia asimkatize. Mama Waya alisema hajamkatiza, amemsaidia kufikiri. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida huwaamua, alikuwa akipangusa vumbi kwenye runinga.

KUMB. NA. 3/4: PICHA
Fundi Spika alipitisha simu yake mezani. Alieleza kwamba solda ile ya kuunganishia vipande ni safi mno, kila tone limekaa mahali pake, na mkono wa namna hiyo hauwezi kuwa wa mtu asiyejua chanya na hasi. Kwa hiyo anatuchezea. Katibu naye aliingiwa na shaka, na kwa mara ya kwanza mwaka huu akakubaliana na Fundi Spika.

Mama Waya alikuza picha. Pembeni ilionekana bisibisi yenye mpini uliozungushiwa utepe wa kijani. Fundi Spika aliruka: "Bisibisi ya Mwalimu! Kumbe na mwizi pia!"

Wajumbe walimgeukia Mwenyekiti. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa shati lake.

"Ni mimi," alisema.

Alieleza kwamba tangu augue, mikono inakumbuka kazi ila kichwa kinakataa. Kuna siku hushika kapasita akabaki akiitazama tu. Alitumia laini ya binti yake. "Niliogopa mkijua ni mimi mtanicheka. Nikajificha, na bado mkanicheka."

Mama Waya alisema, "Tusamehe, Mwalimu." Fundi Spika aliomba maneno yake kuhusu nyanya yafutwe katika kumbukumbu hizi. Katibu alikataa, akarejea agizo la KUMB. NA. 1/4. Kikatuni cha Katibu nacho kimebaki.

KUMB. NA. 4/4: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba mgeni akiuliza, ajibiwe kwanza. Anayetaka kumshuku amshuku baadaye, moyoni mwake. Namba ya binti ibaki kundini. Mwenyekiti aliomba jibu liandikwe hapa apate kulisoma nyumbani: mguu mrefu ni chanya, upande wenye mstari ni hasi.

Wajumbe walikuwa wameshasimama Mwenyekiti alipouliza tena mguu upi ni chanya. Fundi Spika alijibu, "Mrefu, Mwalimu." Hakuna aliyecheka. Watu walitawanyika saa 10:25.

Mwenyekiti: ....................

Katibu: ....................