Miwani Niliyorudishiwa Sokoni

Tongyeong,
14 Januari 2018.

Mpendwa Mama Mdogo Yeon-ok,

Hujambo huko Dortmund? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mwaka huu? Natumaini Baba Mdogo Dieter anakupikia ile supu ya tangawizi niliyomwelekeza kwa simu, ingawa nina hakika aliitia maziwa. Sisi hapa tu wazima, Gi-tae mume wangu yupo baharini na mtoto wetu Ro-un meno yamemjaa. Yeye kila mzee wa sokoni humwita bibi, hata wanaume.

Nisamehe mwandiko. Herufi ni kubwa kama za mtoto wa chekechea na mistari imepanda mlima. Sababu nitakueleza, ila niache nianze mbali kidogo.

Unakumbuka siku ya harusi yangu ulivyokasirika mama mkwe aliponitaka nivue miwani? Hakuwa na ubaya, ni mambo ya soko tu. Kwa wauza samaki wa hapa, mwanamke mwenye miwani akisimama mezani kabla mteja wa kwanza hajanunua, siku imefungwa, hauzi mtu kitu. Kwa hiyo tangu niolewe, kila asubuhi nilikuwa namenya chaza nyuma ya pazia la plastiki mpaka nimsikie mama mkwe anaita, "Siku imefunguka, njoo." Nikishatoka, tunauza pamoja na kucheka. Sikuwahi kuudhika sana.

Halafu alianguka kwenye barafu, nyonga ikavunjika, meza ikabaki kwangu. Nikavua miwani nikasimama. Asubuhi ile ile nikamwinamia mteja kwa heshima zote, kumbe ni mwavuli uliofungwa kwenye nguzo. Mama Pil-ho, yule muuza dagaa wa meza ya jirani, akaniuliza, "Mama Ro-un, huo mwavuli unataka kilo ngapi?" Walicheka mpaka mwisho wa soko. Mimi pia nilicheka, lakini wateja walianza kupita.

Mama mkwe akaniambia kutoka kitandani, "Nenda Busan wakakupige leza ya macho, uachane na miwani. Siku hizi ni kama kutoboa masikio." Lakini usidhani nilisukumwa. Mimi mwenyewe nilitaka. Bila miwani, Ro-un nilikuwa namwona vizuri anaponyonya tu. Akitambaa mpaka mlangoni anabaki rangi ya nguo yake. Nikasubiri nimwachishe ziwa kwanza, maana ndivyo walivyotaka hospitalini, kisha nikaenda.

Kule nilikuta wasichana waliomaliza mitihani ya shule, wamekaa na mama zao kama waliokwenda kununua viatu. Daktari alinipima, akasema ngozi ya mbele ya jicho langu ni nyembamba, ila inatosha. Hilo neno inatosha nilirudi nalo kwenye basi kama zawadi.

Mama mdogo, ningetamani uone zile wiki za mwanzo. Niliamka nikaziona kope za Ro-un kutoka upande wa pili wa chumba. Nilifunua sufuria ya wali na mvuke haukunifumba macho. Kidole kilikuwa bado kinapanda puani kusukuma miwani isiyokuwepo. Nikasimama mezani kabla ya mteja wa kwanza, na Mama Pil-ho akanambia, "Leo macho yako uchi kabisa. Yafunike, utaniibia wateja wangu."

Haikudumu. Taa zilianza kuota mikia. Kisha kila chaza akawa wawili. Nilidhani ni chumvi, nikazidi kutia dawa ya matone. Niliporudi Busan, daktari alitazama picha za macho yangu, akainamisha kichwa na hakukiinua upesi. Hapo nilijua. Alisema ile ngozi imelegea na inavimba kwenda mbele, macho yote mawili. Huwapata wachache, na mimi ni mmoja wao. Leza haiwezi tena. Miwani haiwezi kunyoosha kilichopinda. Lenzi ngumu za machoni tulijaribu, macho yangu yalizikataa. Watajaribu kuzuia kilichobaki kisiende, lakini kilichokwenda hakirudi.

Mama mkwe nilimwambia tu kwamba naona ukungu kidogo. Basi asubuhi moja, meza zimepangwa na hakuna aliyenunua, nikasikia mkongojo wake. Alikuja peke yake kwenye utelezi ule. Akatoa mfukoni miwani yangu ya zamani, akaipangusa kwa aproni, akanivisha kama unavyomvisha mtoto kofia.

"Mama Gi-tae," akasema Mama Pil-ho, "hujafungua siku."

"Ikitaka kujifunga na ijifunge. Nimezifungua tangu ujana, zimenipa nini zaidi ya magoti mabovu?" Kisha akanishika shavu. "Unaona sasa, mwanangu?"

Ukungu ulikuwa ule ule. Uso wake ulikuwa doa jeupe lenye sauti.

"Naona, mama," nikamwambia. "Naona vizuri."

Tangu siku ile naivaa kila asubuhi, mbele ya wote, kabla ya mteja wa kwanza. Mama mkwe anawaringia wenzake kwamba ndiye aliyeniponya. Anayejua ukweli ni Gi-tae, na sasa wewe.

Unanijua, mimi hata mvua ikinyesha naanika nguo. Gi-tae amesikia habari za hospitali nyingine huko Seoul, nami nasema tutakwenda. Lakini kila nikimwogesha Ro-un huwa naupitisha mkono usoni kwake polepole, paji, pua, kidevu, niujue.

Ukija kwa Mwaka Mpya wetu wa Februari, ukinikuta kituoni usinipungie mkono. Nisogelee karibu, useme jina lako kwanza. Nitakuwa nimevaa miwani, isikudanganye.

Nisalimie sana Baba Mdogo Dieter, na binti yenu Hanna, umwambie mpwa wake Ro-un ameng'ata kitabu alichomtumia. Mungu akutunze mwendo wako wote mpaka mlangoni petu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukusubiri,

Da-eul