Ligi Yetu ya Vyuo Vinne

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Durban mama yako mdogo bado anafanya zamu kwenye ghala la Mobeni. Mimi pumzi zinapungua, kwa hiyo nikujibu ukweli wa swali lako kuhusu ligi yetu.

Watu husema ligi ya vyuo vyetu vya ualimu ilikufa kwa kukosa fedha. Sivyo. Zamani timu ya chuo kingine ikija kucheza, wageni walilala vitandani mwetu, sisi tukalala madarasani. Mara moja mfungaji wao wa netiboli aliniambia, "Dada, kunguni wako wamenila. Leo nakufunga kwa hasira." Tulicheka sana.

Mwaka uliofuata yakaja mabasi ya kubeba timu. Wageni walicheza, wakarudi kwao jioni.

Kwenye mkutano wa wanamichezo wa chuo chetu tuliulizwa nani anataka ligi iendelee. Mimi nahodha sikunyoosha mkono. Nilikuwa simjui tena mchezaji yeyote wa vyuo vile vingine.

Bibi yako