Wali Uliopotea Njia

Jumamosi, jioni. Asubuhi mvua ilinyesha, mchana jua likatoka, na mimi bado nimevaa sare ya shule kwa sababu sitaki siku hii iishe.

Mnaonisoma hapa mnajua tunachokitaka: tawi la klabu ya huduma shuleni kwetu, hapa Zinga. Kila mwezi wanachama wa klabu hiyo hupika chakula na kukipeleka kwenye nyumba yenye mgonjwa au mama aliyejifungua. Wameshonea wanafunzi sare, wametengeneza mabenchi ya zahanati. Sisi tunataka kuchota maji, kubeba na kuosha vyombo. Mwenyekiti, Mzee Sefu, alitupa sharti: mmoja wetu asimame mbele ya wanachama aeleze historia ya klabu, kisha wapige kura.

Wenzangu walinichagua mimi.

Mzee Sefu alinipa maneno ya kuanzia: klabu ilizaliwa "baada ya tafakuri ya kina." Nikayakariri. Lakini juzi, nilipokuwa namsaidia Bi Zuhura, mwanachama wa tangu mwanzo, kuchambua mchele, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Tafakuri gani, mjukuu wangu? Klabu ilianza kwa sababu Paskalia alipotea njia!"

Wakati huo Mama Paskalia alikuwa mgeni, ametoka bara. Wanawake wa mtaa walipika wali na maharage kwa ajili ya nyumba yenye msiba, naye akatangulia na sufuria kichwani. Akaingia nyumba nyingine kabisa. Humo hakuna aliyefariki; kulikuwa na mama mgonjwa na watoto ambao hawajala. Chakula kikabaki huko, na wafiwa wakasubiri kipikwe kingine. Mwezi uliofuata wanawake wale wale wakajiuliza ni nyumba ngapi kama ile wanazipita kila siku. Wakapika tena, na hawajaacha hadi leo.

Niliipenda historia hii kuliko ile tafakuri. Lakini niliogopa. Mama Paskalia anaheshimiwa sana klabuni, na anakoelekea yeye wengi humfuata. Nikimkera, tawi hatulipati. Nikaenda kwake, nikamwamkia, nikamwomba ruhusa.

"Sema tu, mwanangu. Ila usitie chumvi. Zuhura keshaitia ya kutosha."

Leo nimesema. Nilipofika kwenye sufuria kuingia nyumba ambayo siyo, ukumbi mzima ulicheka. Mzee Sefu peke yake alitazama dari. Bi Zuhura akapiga makofi. "Mwambieni atuonyeshe alivyokata kona!"

Ndipo Mama Paskalia akasimama. Hakuwa anacheka.

Nikajua tumekosa tawi.

"Kona nilikosea kweli," akasema. "Lakini mlangoni nilishajua. Hakukuwa na kilio, hakukuwa na mikeka nje. Wale watoto walikuwa wanaitazama sufuria. Nikashindwa kuirudisha kichwani."

"Paskalia!" Bi Zuhura akasema. "Miaka yote hii nakucheka, na wewe umenyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi, mgeni, nimegawa chakula cha wafiwa kwa makusudi? Bora mnione sijui njia. Na wewe ulivyokuwa unafurahia, ningekukatiza vipi?"

"Mjanja wewe!" Bi Zuhura akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza.

Mzee Sefu akakohoa. "Kwa hiyo tafakuri ilikuwepo," akasema, "ila ilifanyika mlangoni." Akaita kura. Mkono wa Mama Paskalia ndio uliotangulia, na mingine ikaufuata.

Tumepata tawi!

Mwezi ujao tutapika pamoja nao, na nyumba ya kupeleka chakula tutaichagua sisi. Nimefurahi mpaka chai imepoa mbele yangu.

Ila kuna jambo bado nalifikiria. Chakula kile kilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wamefiwa na wana njaa vilevile. Mama Paskalia alilijua hilo, akatua sufuria.

Ningekuwa mimi pale mlangoni, ningeitua?